Plaiwudi ya makabati: usilipe kabla hujasikia sauti ya katikati

Makabati yangu ya jikoni hayakumaliza hata miezi minne. Nilifungua mlango wa chini ya sinki nitoe sabuni, bawaba ya juu ikang'oka na skrubu zake zote nne, mlango ukabaki unaning'inia. Fundi akaja na skrubu ndefu zaidi. Akaikaza, ikazunguka, ikazunguka, kisha ikazama yote kama imetiwa kwenye mkate. Akaweka bisibisi chini. "Mama, humu ndani hamna kitu."

Nikamwambia aupasue ule ubao wa ubavuni nione kwa macho yangu. Uso wa juu mzuri, wa kahawia, laini kama kioo. Katikati pengo. Nilichukua njiti za kiberiti nikazipanga humo ubavu kwa ubavu, na njiti ya nane ndiyo iliyojaza. Kando yake, maganda ya mayai ya mende. Miezi yote hiyo nimekuwa nikipulizia dawa sakafuni, kumbe mende wana nyumba ndani ya ukuta wa kabati.

Bodi zile nilinunua sita, milimita 18, na niliambiwa ni "marine", yaani ya kustahimili maji. Tangu hapo nimezunguka maduka ya mbao ya Mombasa kutoka Changamwe mpaka Kongowea, nikigonga, nikipima na kuomba vipande. Rangi na mng'aro sitavizungumzia hapa. Hivyo muuzaji atakuonyesha kabla hujauliza. Nataka tuzungumze juu ya pengo la katikati, kwa sababu hakuna mtu dukani atakayelitaja.

Plaiwudi ni vinia, yaani ngozi nyembamba za mti zilizomenywa kwa mashine na kugandishwa kwa gundi, kila moja nyuzi zake zikikatana na za mwenzake. Ndiyo maana tabaka huwa witiri: tatu, tano, saba, tisa. Vinia za juu na chini hukaguliwa, maana ndizo zinazoonekana. Za kati huungwa vipande vipande, na kiwanda kisichojali huacha vipande visigusane, au huvipandisha kimoja juu ya kingine mpaka uso ukaweka kinundu. Panapoachwa nafasi, skrubu haishiki. Rafu ikibeba sahani, inabonyea hapo hapo. Ubaya mkubwa zaidi ni maji: tone la bomba la sinki likiingia kwenye ukingo uliokatwa, pengo linakuwa mfereji. Linatembea ndani kwa ndani na kutokea mahali usipopatarajia, nawe unatafuta uvujaji upande usio wake. Huku pwani hewa yenyewe ni maji. Bodi yenye matundu haikauki tena.

Kwa hiyo, ukiwa dukani, toa sarafu ya shilingi 20. Gonga uso wa bodi kila upana wa kiganja, ukitoka pembe moja kwenda ya pili. Mahali palipojaa panajibu kwa sauti kavu, fupi. Pengo linajibu kwa sauti nzito ya debe tupu. Sikio linazoea haraka, ukifika bodi ya tatu hutakosea. Pembeni usipaamini, kwa sababu kingo nyingi hupakwa rangi ya kahawia au nyekundu. Rangi hiyo ina kazi yake ya kuzuia maji, lakini inafunika matundu pia. Duka lenye mashine ya kukatia lina vipande vilivyobaki, hivyo omba kimoja cha rundo lile lile utakalonunua na uangalie pale msumeno ulipopita. Hesabu tabaka. Milimita 18 ikiwa na tabaka tisa au zaidi, naridhika. Zikiwa saba ni nene, na pengo la tabaka nene ni pana.

Kipande hicho nenda nacho nyumbani ukakichemshe. Mimi nilikitia kwenye sufuria kuukuu, nikawasha moto, nikakiacha kwa muda wa saa 4. Kile cha bodi zangu za kwanza kilifunguka kama kitabu kilicholowa, gundi ikageuka ute mweupe ukielea juu ya maji. Hiyo ni gundi ya yurea, ya ndani ya nyumba, kwa vitu visivyoguswa na maji. Gundi ya fenoli, ambayo ndiyo gundi ya nje, huacha mstari mweusi au wa kahawia iliyoiva kati ya vinia, na kipande chake hutoka sufuriani kimeshikana. Maabara huichemsha mpaka saa 72, kwa hiyo saa nne zako si kuionea.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Raiply ya milimita 18, ile ya gundi ya nje, na sioni haya kusema naipendelea. Inatengenezwa Eldoret. Bodi nilizopasua zilikuwa zimejaa, na pale nilipokuta nafasi, njiti moja ilitosha kuiziba. Skrubu inang'ata tangu mzunguko wa kwanza, na ukiichomoa na kuirudisha mara ya pili bado inashika. Ni nzito, hamali wa mkokoteni alinilalamikia, nami uzito ule ndio niliokuwa nautafuta. Makabati mapya ya chini yote nimeyatengeneza kwa hiyo, migongo nikatumia ya milimita 6. Kingo zote zilizokatwa fundi alizipaka vanishi mikono mitatu kabla hajaunganisha chochote, hasa za chini zinazokaribia sakafu, maana hata bodi nzuri hunywa maji kupitia ukingoni. Muombe wa kwako afanye hivyo, na msimamie.

Ya pili, plaiwudi nyingine za Kenya zenye muhuri wa kiwanda, kama Comply ya Nakuru. Ukikosa Raiply, chukua hiyo, lakini sarafu usiiache nyumbani.

Ya tatu ni ile nyeusi au ya kahawia inayong'aa, tunayoiita "marine". Hapa watu wengi wanapotea. Plaiwudi ya marini hasa, ile ya kiwango cha Uingereza cha BS 1088, hutengenezwa kwa ajili ya mashua, na inabanwa sana kuhusu mapengo ya kati. Hii ya madukani mwetu ni plaiwudi ya kumwagia zege, iliyofunikwa karatasi yenye fenoli ili zege lisigande na bodi irudi kutumika kwenye slabu, yaani sakafu ya zege, nyingine. Kama unamwaga slabu, ipandishe iwe ya kwanza, na uilaze nyuzi za uso wake zikate mihimili inayoibeba, zisifuate. Ndani ya jikoni ina taabu: gundi haishiki juu ya ile karatasi, rangi haikai, na mng'aro unaficha kila kitu kilicho chini yake. Nyingi zinazoletwa kutoka China zina moyo wa popla, mti mweupe, mwepesi. Zipo nzuri. Lakini zile zangu mbovu za kwanza zilikuwa za aina hii.

Blokibodi, ubao wenye vipande vya mbao katikati, naipa nafasi ya nne, kwa milango mirefu na rafu za chumba kikavu tu. Chipubodi na MDF, zile za chembe na nyuzi za mti zilizogandishwa, weka mbali na sinki. Sina zaidi la kusema juu yake.

La bei lazima niliseme. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, kila mwenye duka alipandisha na akawa na sababu mdomoni: mbao hakuna. Tukaelewa, tukalipa. Marufuku yakaondolewa Julai 2023. Bei ilirudi wapi? Niliuliza maduka matatu siku moja, kila moja likanipa sababu mpya: mafuta, dola, barabara. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bodi nayo imekonda.

Maana imekonda. Panga bodi kumi za milimita 18, weka futi kamba ubavuni: zinatakiwa zifike sentimita 18. Rundo nililopima mimi lilifika 16 na nusu. Nikamwita muuzaji, nikamwonyesha. "Dada, hiyo ndiyo kumi na nane ya siku hizi." Yaani milimita sasa zina siku zake! Ananiuzia milimita moja na nusu ya hewa katika kila bodi, na ndani ya bodi hewa nyingine, na yote nalipia bei ya mti. Mjenzi anayenunua bodi mia kwa slabu ya ghorofa anapoteza kiasi gani? Na slabu hiyo inabebwa na nini usiku ule zege likiwa bichi?

Nilirudi na kile kipande chenye pengo kwenye duka lililoniuzia. Mwenye duka alikigeuzageuza, hakukataa kuwa ni bodi yake. Akaomba risiti. Nikampa. Akaisoma kwa sauti ili wateja wengine wasikie: "Bodi sita." Hapakuandikwa unene, gundi, kiwanda, wala neno "marine" alilolitamka mara tano siku ananiuzia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, lakini kwa karatasi yenye maneno mawili ningeanzia wapi?

Siku hizi kalamu natoa mimi. Kabla sijatuma pesa kwa M-Pesa, risiti inaandikwa: jina la kiwanda, milimita ngapi kwa kupima, gundi ya nje, idadi, na kwamba bodi yenye pengo itakaporudishwa itabadilishwa. Duka la Changamwe lilikataa, nikatoka. La pili, kijana wa kaunta alimwangalia baba yake, mzee akatikisa kichwa kukubali, kijana akaandika yote na kupiga muhuri. Nikagonga bodi zake nane moja moja, mbili nikazirudisha kwenye rundo, akanibadilishia bila neno.