Baba kulazwa nyumbani, Nkuhungu, Dodoma: uzoefu wangu

Siku ya tatu wodini baba aling'oa kanula (kile kimrija cha dawa cha mshipani) mwenyewe, akauliza gari la Mvumi linaondoka saa ngapi. Ana miaka 78, alikuwa na nimonia, na usiku ulimvuruga kabisa. Daktari akatuambia homa imeshuka. Imebaki oksijeni kidogo na sindano ya antibiotiki ya seftriaksoni mara moja kwa siku, kwa hiyo tukitaka, amalizie nyumbani. Tukamleta kwangu Nkuhungu, tukachukua huduma binafsi ya kutibiwa nyumbani.

Nesi alikuja asubuhi na jioni, daktari alitupigia kila siku na mara mbili akafika mwenyewe. Nesi aliingia na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", mzee akatoa mkono wa kanula bila kubembelezwa. Wodini alikataa hata uji. Hapa kesho yake tu aliulizia ugali wa uwele na mlenda.

Sasa usiku wa pili. Mashine ya oksijeni ni ya umeme (kwenye mita ya LUKU ilikula kama uniti nane kwa siku, hilo hawakunitajia), na saa nane umeme ukakatika. Mtungi wa akiba upo, spana ya kuufungulia haipo. Nesi kaondoka nayo kwenye begi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikasoma asilimia 91, 90, halafu 88. Karatasi yao ilisema chini ya 90 piga simu. Nikapiga, wakapokea mara ya pili, nesi akaja na bodaboda baada ya dakika 35 na baridi yote ile ya Julai. Umeme ulikuwa umesharudi. Waliomba radhi, na tangu hapo spana ilifungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi. Wewe mwambie nesi aufungue mbele yako kabla hajaondoka.

Jambo lingine ni wageni. Hospitalini mlinzi ndiye mbaya. Nyumbani mbaya ni wewe, na shangazi aliyetoka Mvumi na kuku wake utamwambia muda wa kuona wagonjwa umeisha?

Nililipa 70,000 kwa siku, dawa mbali, siku tano. Bima yetu haikugusa hata shilingi. Kama nyumbani hakuna mtu mzima wa kukesha, msijaribu.

Nawapa nyota nne. Baba angewapa tano, maana umeme ulipokatika yeye alikuwa anakoroma.