Defender ya Windows au antivirasi ya kulipia?

Kwenye Windows 10 na 11, antivirasi ya Microsoft Defender imo tayari na haidai ada ya mwaka. Antivirasi ya kulipia mara nyingi huongeza VPN (njia ya siri ya kupita mtandaoni), kitunza nywila na udhibiti wa watoto. Kama huvihitaji, unalipia mapambo. Ukisakinisha ya kampuni nyingine, Defender huiachia hiyo ulinzi wa muda wote, kwani programu mbili zikikagua faili lilelile kompyuta huwa nzito.

Udhaifu wa Defender uko kwenye mipangilio. Kinga ya folda dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia huja ikiwa imezimwa: fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Ransomware protection, washa Controlled folder access. Ikizuia programu unayoiamini, iruhusu hapohapo. Flashi iliyotoka steshenari ibofye kulia kabla ya kuifungua, chagua Scan with Microsoft Defender.

Anayeshusha programu zilizokrakiwa (zilizovunjwa kufuli la leseni ili zitumike bure) haokolewi na antivirasi yoyote. Maelekezo ya programu hizo mara nyingi huanza na “zima antivirasi kwanza”.

Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida (masasisho ya usalama) tarehe 14 Oktoba 2025. Antivirasi haizibi matundu ya mfumo wenyewe, kwa hiyo hapo pesa iende kwenye kuhamia Windows 11.