Ushauri wa Dawa za Mifupa Malindi: Ipi Itangulie, Ipi Ifuate

Huduma ninayoitathmini ni ya ushauri wa dawa za mifupa katika kliniki moja ya binafsi mjini Malindi, ambako nimekuwa nikimpeleka mama mkubwa, mkaazi wa Lamu, tangu pingili ya mgongo wake ilipovunjika bila ya yeye kuanguka. Kliniki haina kipimo cha uimara wa mifupa, nacho tulikifuata Mombasa. Thamani ya kliniki imo kwa daktari, ambaye hakukubali kuandika dawa ya kwanza kabla ya kueleza ni ipi itakayoifuata.

Alifafanua kwamba zipo dawa zinazozuia mfupa kumomonyoka na zipo zinazojenga mfupa mpya, na kwamba kwa mtu aliyekwisha kuvunjika, ushahidi unaelekea kuipa ya kujenga nafasi ya kwanza. Alitaja utafiti wa mwaka 2017, ambamo wanawake waliodungwa romosozumabu, dawa ya kujenga mfupa, kwa mwaka 1, kisha wakaendelea na vidonge vya alendroneti, dawa ya kuzuia mmomonyoko, hatari yao ya kuvunjika pingili ilikuwa chini kwa asilimia 48 kuliko ya waliotumia alendroneti peke yake. “Kwani nani hupaka chokaa ukuta usiosimama?” akasema mama mkubwa, akidhani shauri limekwisha. Halikuwa limekwisha, kwa sababu katika utafiti huo huo matatizo makubwa ya moyo na kiharusi yalizidi kidogo kwa waliodungwa, naye mama mkubwa amewahi kupata kiharusi. Teriparataidi, nayo ya kujenga mfupa, sindano ya kila siku inayoweza kuendelea hadi miaka 2, ilituzidi uwezo.

Katika zile za kuzuia mmomonyoko ilikuwapo denosumabu, ambayo kwa kudungwa kila miezi 6 huonekana nyepesi kuliko zote. Hapa daktari alikawia sana, na ninamshukuru. Sindano hiyo ikicheleweshwa au ikiachwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, mfupa hupungua kwa kasi na pingili kadhaa zaweza kuvunjika kwa mpigo. Kwa mtu anayetegemea boti ya Mokowe, gati la kuvukia kati ya Lamu na bara, na dawa inayotaka ubaridi njia nzima, hilo si jambo dogo. Tukaafikiana juu ya dripu ya asidi ya zoledroniki, nayo ya kuzuia mmomonyoko, mara moja kwa mwaka, ambayo hukaa mfupani muda mrefu na hivyo humvumilia aliyechelewa.

Je, huo ndio mpangilio bora? Daktari hakujifanya kujua. “Mama, siwezi kukuapia kwamba hutavunjika tena, ninaloweza ni kukupunguzia hatari,” alisema, akaongeza kuwa hata mwaka ukipita salama hatutajua kama ni dawa au ni majaliwa. Mimi maneno hayo yalinikera. Mama mkubwa, ambaye ndiye mwenye mgongo, yalimtosha. Aliandikiwa pia karatasi yenye mambo yatakayobadilisha mpango, yakiwamo kuvunjika tena na figo kudhoofika.

Dosari ipo mapokezi. Hakuna aliyetuambia kwamba damu hupimwa figo na kalisiamu kabla ya dripu, tukalazimika kulala Malindi. Homa na maumivu ya mwili baada ya dripu ya kwanza tulikuwa tumetahadharishwa, yakaisha kwa parasetamoli. Anayetoka Lamu na apime damu huko huko kwanza, aje na majibu mkononi, na aulize mapema bei ya dripu pamoja na ya kuwekewa, kwani hutozwa mbalimbali.