Miezi Sita ya Kusomea Huduma za Dharura Dodoma: Tathmini ya Dereva wa Gari la Wagonjwa

Ninaendesha gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya wilayani Bahi kwa mwaka wa nne sasa, na kazi yangu kubwa ni kuwaleta Dodoma mjini wagonjwa waliopewa rufaa, mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa barabara ya Singida. Nyuma hukaa muuguzi mmoja na mgonjwa wake. Usiku mmoja wa Januari, mvua ikinyesha, muuguzi aligonga kioo akitaka nisimame nimsaidie, kwa kuwa mama tuliyempakia alikuwa akivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Nilisimama, nikafungua mlango wa nyuma, nikabaki nimeshika tochi bila kujua mikono yangu ifanye nini. Mama yule alipona kwa jitihada za muuguzi peke yake. Wiki iliyofuata nilikwenda kuchukua fomu ya mafunzo ya huduma za dharura katika chuo kimoja cha afya hapa mjini, ambacho sitakitaja jina kwa sababu nina manung'uniko nacho, ingawa nina shukrani nyingi pia.

Kozi ni ya miezi sita, jioni tatu kwa wiki pamoja na Jumamosi nzima. Masomo ya darasani ni ya kawaida na sina la kuongeza juu yake. Thamani ya kozi hii iko uani, chini ya mwarobaini, ambako mkufunzi wetu, afisa tabibu aliyefanya kazi miaka mingi katika idara ya magonjwa ya dharura, alituweka magotini vumbini tukandamize kifua cha sanamu ya mazoezi. Mikandamizo iwe kati ya 100 na 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita 5 hadi 6 na kuachwa kirudi chote, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, na kila baada ya dakika mbili anayekandamiza apokewe, kwa sababu mchovu hukandamiza juu juu bila mwenyewe kujitambua. Baadaye alitupakia na sanamu hiyo ndani ya Noah kuukuu, akaamuru gari liendeshwe huku tukiendelea na kazi. Kila dereva alipokanyaga breki, mikono yetu iliteleza kifuani. Miaka yote hiyo niliamini kwamba mchango wangu kwa mgonjwa ni kukimbia, kumbe breki zangu za ghafla zilikuwa zinaiharibu kazi ya mwenzangu aliye nyuma. Kwa somo hilo moja sijutii ada niliyolipa.

Yapo mengine niliyoyatumia mara moja. Kofia ngumu ya dereva wa bodaboda aliyeanguka huvuliwa na watu wawili, mmoja akiwa ameshikilia kichwa na shingo visicheze. Mimi nilikuwa nikiwaona wasamaria wakiivuta kama wanaong'oa muhogo. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi wala hanyonywi jeraha, na kiungo hakifungwi kamba; hutulizwa, kiungo kikaegemezwa kisichezechezwe, akawahishwa hospitali. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua husuguliwa tumbo mahali ulipo mfuko wa uzazi mpaka ukaze, kibofu kikiwa kitupu. Hilo la mwisho nilililia darasani, na mkufunzi aliniacha nilie.

Somo la kupanga majeruhi kwa rangi, nyekundu kwa anayehitaji msaada papo hapo, njano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa anayetembea na nyeusi kwa aliyefariki, lilifundishwa kwa kukumbuka ajali ya treni ya Igandu ya tarehe 24 Juni 2002, pale treni ya abiria iliporudi nyuma mteremkoni na kugongana na treni ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 280. Igandu ni mkoani kwetu hapa hapa, na wanafunzi wawili darasani walikuwa na ndugu waliopotea siku ile.

Sasa manung'uniko. Tuliahidiwa wiki nane za mazoezi hospitalini, tukapata tatu, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tukipeleka mafaili na kusukuma machela. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja kwa wanafunzi 34. Kubwa zaidi, tangazo la chuo lilisema tutahitimu tukiwa wahudumu kamili wa dharura, jambo ambalo si kweli. Nchini Marekani, ambako kazi hiyo husomewa hata katika vyuo vya jamii, anayetaka ngazi ya juu huanza na ngazi ya msingi, kisha husoma kwa saa zaidi ya 1,000 zikiwemo zamu za hospitalini na ndani ya gari. Cheti chetu kinamwongezea ujuzi mtu ambaye tayari ana kazi. Hakimpi kijana aliyetoka kidato cha nne taaluma ya kuombea ajira, na nilisikitika kuona vijana kama sita wakiligundua hilo mwezi wa tano, ada ikiwa imekwisha kulipwa.

Kwa dereva, mlinzi, mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hasa huku vijijini ambako mama anaweza kuombewa gari kwa simu ya bure 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, akafuatwa na dereva wa kawaida wa kijijini, ninaipendekeza kozi hii bila kusita. Kijana anayetafuta taaluma aulize kwanza kozi imesajiliwa kwa ngazi ipi na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na aombe kuonyeshwa kwa maandishi ni hospitali gani itampokea kwa mazoezi na kwa wiki ngapi. Kisha aende chuoni Jumamosi asubuhi, aombe kuingia uani, ahesabu sanamu za mazoezi na wanafunzi wanaozisubiri, kabla ya kwenda benki kulipa.