Laini Gani ya Simu Hudumu Stima Ikipotea? Mwongozo wa Kununua kwa Wakazi wa Kisumu na Magharibi

Tangu mvua za masika zianze, malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Kakamega, Vihiga na Nyakach yamekuwa ya namna moja. Hawalalamikii kasi ya intaneti wala bei ya bando. Wanasema kwamba stima ikipotea jioni, na kwa kawaida hupotea mara tu radi inapoanza kupiga upande wa milima ya Nandi, mtandao nao huifuata baada ya saa moja au mbili, na simu iliyojaa chaji haina kazi tena ila kumulika. Mama mmoja ambaye ni wakala wa pesa karibu na Khayega alinieleza jinsi mteja alivyomkabidhi shilingi elfu tatu ili aziweke kwenye simu yake, ujumbe wa kuthibitisha ukakataa kuja, na wote wawili wakabaki wamesimama chini ya taa ya sola wakilinganisha simu zao, mmoja akiogopa kuondoka bila pesa yake na mwingine akiogopa kutuma mara ya pili. Hatimaye alimwandikia mteja namba ya kitambulisho na kiasi cha pesa katika daftari lake, wakaweka sahihi zao. Ujumbe ulifika asubuhi, stima iliporudi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia kasi ya kupakua filamu. Habari hizo zimeandikwa kila mahali na hazimsaidii mtu wa Sondu au wa Shinyalu. Hautategemea pia takwimu za jumla za ueneaji wa mtandao, ambazo huonyesha kwamba mawimbi ya simu yanawafikia zaidi ya asilimia 95 ya Wakenya. Takwimu hizo ni za kweli, lakini huhesabu watu wanaoishi mahali ambapo mawimbi hufika mitambo yote ikiwa inafanya kazi. Hazisemi lolote kuhusu saa ngapi mnara wa kijijini kwako unaweza kuendelea kufanya kazi baada ya stima kukatika, na katika eneo letu hilo ndilo swali ambalo mnunuzi anapaswa kuliuliza kabla ya maswali mengine yote.

Ni vyema kuelewa kwanza kinachotokea. Kila mnara, ile busta unayoiona juu ya kilima, una betri ambazo huchukua kazi mara stima inapopotea, na baadhi ya minara ina jenereta ya dizeli pia. Betri za aina ya risasi zikitumika hadi karibu ziishe, huhitaji saa nyingi kujaa tena. Stima ikikatika leo, ikirudi usiku wa manane na kukatika tena kesho alasiri, betri hizo hazipati nafasi ya kujaa, na kila mzunguko wa namna hiyo huzifupishia maisha. Baada ya msimu mmoja wa mvua, mnara uliojengwa ili udumu saa sita bila stima unaweza kudumu saa moja tu. Betri za lithiamu hustahimili hali hiyo vizuri zaidi, lakini ni ghali, na wezi wanazipenda kwa sababu zinafaa kwa mitambo ya sola ya nyumbani. Wizi wa betri na dizeli ya minara umekuwa donda ndugu katika nchi hii, na wanaoumia si kampuni za simu peke yake.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Minara mingi ya mashambani haikuunganishwa kwa nyaya. Hupokezana mawasiliano kwa mawimbi ya microwave kupitia antena za mfano wa sahani, mnara mmoja ukiuelekea mwingine hadi kufikia ule uliounganishwa na faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo. Mnara ulio katikati ya mnyororo huo ukizimika, yote iliyo nyuma yake hukatika hata kama ina betri zilizojaa. Ndiyo maana unaweza kuona vijiti vyote vya mtandao kwenye simu yako, lakini simu haiiti na pesa haiendi. Aidha, baadhi ya mitambo huzima 4G mapema ili kuhifadhi betri na kuacha 2G peke yake, ambayo inatosha kwa kupiga simu, kutuma ujumbe na kutumia menyu ya pesa, lakini haitoshi kwa WhatsApp. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa busara. Mtu anayemtafutia mgonjwa gari usiku anahitaji simu iite, wala hahitaji video.

Kwa kipimo hicho, ninaiweka Safaricom ya kwanza, na sioni haja ya kuficha kwamba ninaipendelea. Ina takriban thuluthi mbili ya laini zote nchini, na kwa kuwa laini hizo zimeshapita milioni 70 ilhali sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, ni dhahiri kwamba watu wengi wana laini zaidi ya moja na kwamba ya Safaricom ndiyo isiyotolewa kwenye simu. Ukubwa huo una faida ambayo matangazo hayaitaji. Kampuni hii inamiliki sehemu kubwa ya minara yake yenyewe, na minara hiyo imesongamana kuliko ya wapinzani wake, kwa hiyo mmoja ukizimika upo uwezekano mzuri kwamba mwingine wa jirani utakupokea, hata kwa mawimbi hafifu. Masafa ya megahezi 900 inayoyatumia kwa 2G husafiri mbali na kupenya kuta vizuri, na nimeona mara nyingi simu ikishika kijiti kimoja ndani ya nyumba ya mabati huko Nyakach ya chini wakati laini za wengine ziko kimya. Usiku wa 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, na tena 10 Desemba mwaka huohuo, niliowauliza katika maeneo ya Maseno na Luanda walisema laini hiyo ndiyo iliyodumu kwa muda mrefu zaidi.

Faida nyingine ni pesa. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, bado inashikilia takriban tisa kwa kumi ya soko la pesa za simu. Tangu 2018 unaweza kutuma kutoka mtandao mmoja hadi mwingine moja kwa moja, na tangu 2022 hata malipo ya till yamefunguliwa, lakini kwa mwenye duka la rejareja Kiboswa au Chavakali, mteja anayelipa jioni yuko M-Pesa. Laini yako ikikata na ya mteja ikakata, biashara imefungwa. Kasoro ya Safaricom ni kwamba watu wengi kwenye mnara mmoja huleta msongamano. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu usiku, intaneti yake katika mitaa kama Kondele na Manyatta huweza kukokota, na msongamano huo huzidi minara ya jirani inapozimika kwa sababu watu wote huhamia mmoja. Bando zake pia ni ghali, na hilo nitalirudia.

Ya pili ni Airtel, ambayo wazee wetu waliijua kwanza kama Kencell mwaka 2000, kisha Celtel, kisha Zain, kabla haijapata jina la sasa mwaka 2010. Kwa bei ya data, na kwa mtu anayeishi ndani ya Jiji la Kisumu, Milimani au Mamboleo, ni laini nzuri sana, na sitamkataza mwanafunzi yeyote kuinunua. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa inapangisha minara inayomilikiwa na kampuni nyingine, na iko michache zaidi mashambani. Mnara wa kupanga huwa na wapangaji zaidi ya mmoja, nao wote hunywa kutoka betri zilezile. Ukielekea Katito, Sondu au ndani zaidi ya msitu wa Kakamega, utaona pengo kati ya mnara na mnara, na ukizimika mmoja hakuna wa kukupokea. Kupiga simu kutoka Airtel kwenda mitandao mingine hakupaswi kukuogopesha tena kama zamani. Ada ambayo kampuni hulipana kwa kila dakika ya simu inayovuka mtandao ilikuwa shilingi 4.42 kabla ya Julai 2010, na Machi 2024 ilishushwa hadi senti 41. Ndiyo maana siku hizi bando za dakika za mitandao yote zipo kila mahali. Wale wanaong'ang'ania kwamba lazima jamaa wote wawe katika mtandao mmoja ili kuokoa pesa wanaishi katika hesabu ya zamani.

Hizo ndizo laini mbili za kununuliwa, na ninashauri kila anayemudu awe nazo zote mbili katika simu moja ya laini mbili. Hapa, hata hivyo, kuna mtego ambao umewanasa wasomaji wangu kadhaa. Laini ya akiba ina maana tu kama inapanda mnara tofauti. Equitel ya benki ya Equity ni huduma nzuri ya kibenki, lakini haina minara. Inatumia mtandao wa Airtel. Mtu mwenye Airtel na Equitel ana laini mbili na mtandao mmoja, na zote mbili zitazimika kwa dakika moja. Vivyo hivyo, kabla ya kununua laini ya pili, tembea hadi kwenye mnara ulio karibu nawe na uuangalie. Ukiona antena za makundi mawili au matatu zilizofungwa kwa vimo tofauti kwenye nguzo moja, huenda mitandao hiyo inategemea chumba kimoja cha umeme. Simama langoni stima ikiwa imepotea na usikilize kama jenereta inanguruma. Mlinzi wa mahali hapo, au waendesha boda boda wanaoegesha karibu, watakueleza ukweli kuhusu betri zilizoibwa kuliko duka lolote la mjini.

Laini ya Faiba, ya kampuni ya Jamii Telecommunications, inafaa kwa intaneti ya nyumbani mjini, na bei yake inavutia. Ilianza huduma ya simu Desemba 2017 ikiwa ya 4G peke yake, kwa masafa ya megahezi 700. Maana yake ni kwamba haina 2G ya kurudia mambo yakiharibika, na kwamba simu yako lazima iweze kushika masafa hayo na kupiga simu kupitia 4G. Kabambe na simu nyingine za kawaida za vitufe hazifai hapo. Telkom ni rahisi, lakini mwaka 2023 minara mingi iliyoitegemea ilizimwa kutokana na mzozo wa deni na kampuni ya American Tower, na wateja wake wamekuwa wakipungua. Siishauri.

Njia ya kujaribu ni rahisi na haigharimu zaidi ya bei ya laini na bando dogo. Weka laini hiyo katika nafasi ya pili ya simu yako na usiitumie mjini. Iache nyumbani unapolala, mlango umefungwa, hasa kama paa na kuta ni za mabati. Ipige simu jioni wakati wa msongamano, kisha usubiri siku ambayo stima imepotea, jambo ambalo katika mkoa huu halitakuchelewesha. Piga mara stima inapokatika, piga baada ya saa moja, piga baada ya saa tatu, na kila mara ujaribu kutuma kiasi kidogo cha pesa, kwa sababu simu kuita si uthibitisho kwamba pesa itafika. Walio Busia na Malaba wazime uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha katika mipangilio ya simu, la sivyo mnara wa upande wetu ukizimika simu inaweza kujishikiza kwenye mtandao wa Uganda na data ikatozwa kwa bei ya kigeni.

Nina neno kuhusu wanaouza. Vijana walioketi chini ya miavuli kwenye stendi za magari hulipwa kwa idadi ya laini wanazosajili, na siwalaumu kwa kutafuta riziki. Wanaowapa kazi ndio ninaowalaumu. Haiwezekani mtu kutoka Mumias amuulize muuzaji kama mtandao unafika kwao, ajibiwe kwamba "unafika kila mahali", alipe pesa za ruta, asaini, kisha akifika nyumbani agundue kwamba ruta inafanya kazi tu ikining'inizwa kwenye mwembe. Na akirudi, huambiwa kifaa kikishafunguliwa hakirudishwi. Mtandao ni bidhaa kama unga na sukari. Anayeuuza anapaswa kuandika kwenye risiti kwamba unafika kijiji alichotajiwa, na kurudisha pesa usipofika.

Bei nayo inauma. Katika kila shilingi tunayotumia kwa muda wa maongezi na data mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, ambao kati ya 2021 na 2023 ulikuwa umepandishwa hadi asilimia 20, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Tunalipa kodi hiyo hata kwa bando linaloisha saa sita usiku likiwa limejaa, kwa sababu mnara ulikuwa umezimika tangu saa kumi na mbili jioni. Sijawahi kuona ujumbe wa kurudishiwa muda huo. Msomaji akipoteza bando kwa sababu hiyo, aandike saa mtandao ulipokatika na saa uliporudi, apige simu kwa huduma ya wateja na kudai, na akipuuzwa apeleke lalamiko hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano likiwa na tarehe, saa na jina la kijiji. Nunua bando la saa ishirini na nne asubuhi, si jioni, na katika miezi ya mvua ununue lile lisilo na muda wa kuisha hata kama ni ghali kidogo.