Freni ya mbele ya Honda CB 500 Four: fundi wa Kadutu, fleksibo mpya na kiti (seti) ya mipira

Piki yangu ni Honda CB 500 Four ya 1972, niliachiwa na baba mdogo. Mbele ina diski moja tu, na Bukavu ni mji wa miteremko. Ukishuka kutoka Kadutu kwenda Nyawera na freni usiyoiamini, unahatarisha roho yako na ya mama anayevuka na beseni kichwani.

Ugonjwa wake: ukibana inashika vizuri, ukiachia haiachii. Gurudumu linaburuta, diski inapata moto hadi tone la mvua likiigusa linachemka papo hapo. Garaji ya kwanza walibadilisha plaketi, yaani vipande vinavyobana diski, wakapokea pesa, shida ikabaki palepale. Inaniudhi hadi leo, maana plaketi za zamani zilikuwa bado nene.

Fundi wa Kadutu hakugusa plaketi. Alipandisha piki kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele likaning'inia. Akabana freni, akaachia: gurudumu limekwama. Akalegeza skurubu ya kutolea hewa kwenye etriye, kile chuma chenye pistoni kinachobana plaketi kwenye diski. Likidi, yaani mafuta ya freni, ikaruka, gurudumu likazunguka. Basi pistoni haikuwa imeshikwa na kutu, bali presha ndiyo ilifungiwa juu yake. Akakaza, akabana tena, sasa akalegeza boliti ya fleksibo, lile bomba la mpira linalopitisha likidi, pale inapoungana na metri-silinda, ile pampu ya juu inayosukumwa na kishikio. Gurudumu likabaki limekwama vilevile. Jibu likawa hapo: fleksibo ndiyo imeziba; kama lingeachia, mwenye kosa angekuwa metri-silinda.

Tulipokata ile fleksibo, mpira ulikuwa umevimba ndani, tundu limebaki jembamba kama sindano. Nguvu ya mkono inaweza kusukuma likidi ipite, lakini mpira wa pistoni, ambao ndio unaoirudisha pistoni nyuma, hauna nguvu hiyo.

Fleksibo mpya niliyochukua ni ya nyuzi za chuma, na naisifu bila kusita. Kishikio sasa ni kigumu mkononi, hakina ule ulaini wa zamani. Kiti ya mipira, iliyoletwa na mfanyabiashara anayetoa mizigo Kampala, ni nzuri lakini si kamili: mipira ya etriye na ya metri-silinda iliingia sawasawa, ila washa za shaba hazimo, na washa za zamani zikirudishwa zinavujisha. Zitafute mapema.

Fundi nampa alama za juu kwa mikono yake. Alikwangua uchafu wote kwenye mfereji wa mpira wa pistoni, akazibua kwa uzi mmoja wa kebo ya baiskeli lile tundu dogo la kurudishia likidi chini ya kopo la metri-silinda, akapaka grisi ekseli ya mkono wa etriye, ambayo ikishikwa na kutu plaketi moja inalika kuliko nyingine. Ninalomlaumu ni moja: alitaka kujaza likidi ya kopo la dukani lililokaa wazi. Nilikataa. Likidi hunyonya maji hewani. DOT 3, aina mojawapo ya likidi ya freni, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na likidi ikichemka kwenye mteremko kishikio kinaingia hadi kwenye usukani bila piki kusimama. Nenda na kopo lako lililofungwa, na funika tangi kwa kitambaa, kwa sababu likidi hiyo inakula rangi.