PhET kwenye somo la kemia: muhula mmoja wa kusawazisha milinganyo

Kila mwaka napata mwanafunzi anayesawazisha mlinganyo wa maji, yaani kulinganisha atomu za pande mbili za H2 + O2 → H2O, kwa kugeuza H2O iwe H2O2. Hesabu inakubali, ila hayo si maji tena. Muhula uliopita nikaweka chaki kando, nikaandaa somo hilo kwa programu za uigaji za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni za bure, na ukishazipakua zinafanya kazi bila intaneti.

Kilichonifurahisha ni kwamba ile namba ndogo ya chini, kama 2 ya H2O, haiguswi. Mwanafunzi anaongeza molekuli nzima, basi. Akitengeneza amonia kwa N2 moja, H2 mbili na NH3 mbili, mizani ya naitrojeni inatulia, ya haidrojeni inalala upande wa kulia: atomu nne huku, sita kule. Sikuhitaji kueleza.

Kipindi cha kwanza, hata hivyo, kilinivunja moyo. Walibonyeza ovyo mpaka uso unaotabasamu ukatokea, wakashangilia. Nikauliza kwa nini H2 ziwe tatu, kimya. Kipindi kilichofuata nikawataka wachore molekuli daftarini na kutabiri kwanza, ndipo waguse skrini. Kelele zilipungua, ubishi ukaongezeka, na ubishi ndio niliokuwa nautaka.

Kisha nikatunga jaribio langu la kujisahihisha, na hapo niliumbuka. Jibu nililoweka la mlinganyo wa maji lilikuwa 2, 1, 2 (idadi ya molekuli za H2, O2 na H2O). Binti mmoja akaandika 4, 2, 4, akapewa sifuri. Akanifuata: “Mwalimu, kwani atomu hazijalingana?” Zimelingana! Swali langu halikudai namba ndogo kabisa. Mchezo wa PhET wenyewe hutofautisha mlinganyo uliosawazishwa na ule ambao bado haujarahisishwa. Mimi nilikuwa na sahihi na kosa tu. Nilikesha siku mbili nikiandika maoni kwa kila kosa ninalolijua, na kazi hiyo ilinila muda kuliko maandalizi mengine yote.

Kwa milinganyo naipa nyota tano. Kwa asidi na besi, nne: rangi na pH (kipimo cha uasidi) zinaonekana vizuri, lakini kufunga koki ya bureti (mrija wa kupimia kimiminika) kabla tone moja halijazidi hakufundishwi na kioo cha simu. Bureti zangu sijazirudisha kabatini.